"Ikiwa" na "Sharti" Si Neno Moja



Mama mmoja wa Kitale, ambaye jarida hili humfikia kwa mkono wa wasafiri, ametuletea barua ndefu, na pamoja nayo bahasha iliyojaa karatasi za mazoezi za binti yake. Binti huyo amemaliza shahada yake ya kwanza, na nia yake ni kwenda Kanada kusomea sheria. Mlango wa huko ni mtihani uitwao LSAT. Amejipima mara mbili nyumbani kwa saa na kwa utaratibu, na mara zote mbili alama zimekaa pale pale. Ami yake, ambaye ndiye aliyeahidi kusaidia ada, amekwisha kutoa kauli: kichwa cha sheria mtu huzaliwa nacho, na fedha hizo afadhali aongezewe kaka yake mtaji wa duka. Mama anatuuliza kama ni kweli kwamba akili ya namna hii haifundishiki.

Tumezipitia karatasi zile moja baada ya moja. Katika maswali ishirini na mawili aliyoyakosa, kumi na matano yana maradhi mamoja. Mwanafunzi asiye na akili hukosa huku na huku, leo hili na kesho lile. Anayekosa mahali pamoja mara kumi na tano ana jambo moja ambalo hakufundishwa. Kwa heshima zote kwa ami, hilo ndilo jibu letu, na safu hii ya leo ni maelezo yake. Tunayaandika hadharani kwa kuwa tulipokuwa bara kwa shughuli za madrasa tulikaa na vijana wa Kitale, kisha wa Bungoma, na wote tuliwakuta na maradhi yale yale.

Kwanza tueleze mitihani yenyewe, maana wazazi huichanganya. Kijana anayeomba kusomea shahada ya sheria katika vyuo vikuu vyetu vya Kenya huangaliwa alama zake za KCSE. Akivuka mpaka, na kwa watu wa Bungoma mpaka u karibu, Malaba upande mmoja na Lwakhakha upande wa pili, atakuta kwamba Chuo Kikuu cha Makerere huwatahini waombaji wa sheria kabla ya kuwapa nafasi. Uingereza baadhi ya vyuo hutaka mtihani wa LNAT. Marekani na Kanada, ambako sheria husomwa baada ya shahada nyingine, vyuo vingi hutaka LSAT, mtihani ulioanza mwaka 1948.

LSAT ya leo si ile ya vitabu vikuukuu vinavyouzwa vibandani. Zamani ulikuwa na sehemu ya mafumbo ya kupanga watu, viti na siku. Tangu Agosti 2024 sehemu hiyo imeondolewa. Zimebaki sehemu mbili za kupambanua hoja na moja ya ufahamu wa maandishi, na huongezwa sehemu nyingine ya majaribio isiyohesabiwa, ambayo mtahiniwa haambiwi ni ipi. Kila sehemu ni dakika 35. Alama huanzia 120 na kuishia 180, na jibu la kosa halipunguzi kitu, kwa hiyo asiache swali tupu. Mwenye kununua kitabu cha mitumba kwa ajili ya mwanawe na aangalie mwaka kwanza, asije akamchosha mtoto kwa mafumbo ambayo hayaulizwi tena.

Sasa tuje kwenye maradhi. Yanaitwa kutojua "ikiwa" inasema nini na inanyamazia nini.

Wasafiri wa njia ya Kitale kwenda Bungoma wanaokumbuka miaka ya nyuma watakumbuka harufu ya kiwanda cha karatasi pale Webuye, kabla hakijasimama mwaka 2009. Msafiri aliyelala garini alijua amefika Webuye kabla hajafumbua macho. Basi tuchukue kauli hii: kiwanda kikifanya kazi, harufu husikika barabarani. Wanamantiki wetu, wale waliosoma Isaghuji ya Athiruddin al-Abhari au Sullam ya al-Akhdari, huiita kauli ya namna hii kadhia ya sharti. Sehemu ya kwanza, kiwanda kufanya kazi, huitwa mukadam, yaani kitangulizi. Ya pili, harufu kusikika, huitwa tali, yaani kifuasi.

Kutokana na kauli hiyo mtu anaweza kwenda njia nne, na mbili tu kati ya hizo zinafika. Akiambiwa kiwanda kinafanya kazi, anajua harufu ipo. Akiambiwa barabarani hakuna harufu kabisa, anajua kiwanda hakifanyi kazi. Maana kingelikuwa kinafanya kazi, harufu ingelikuwapo. Hizo ndizo mbili zinazofika. Lakini akiambiwa harufu ipo, hajui lolote kuhusu kiwanda. Huenda mtu anachoma taka, huenda lori limemwaga kitu, na kauli yetu haikusema kwamba harufu haiwezi kutoka kwingine. Na akiambiwa kiwanda kimesimama, hajui kama harufu ipo au haipo, kwa sababu ile ile.

Wasomaji watasema: haya si mepesi? Ni mepesi yakizungumzwa habari za Webuye. Yakivaa nguo za mtihani, na saa inakimbia, mtu mzima mwenye shahada huyakosa. Katika yale makosa kumi na matano ya binti yetu wa Kitale, tisa yalikuwa ya njia ya tatu, ya kuiona tali akadai mukadam, na sita ya njia ya nne.

Tulijiuliza kwa nini watoto wa madrasa, ambao wamezoea kauli za masharti tangu utotoni, wateleze hapa. Jawabu tuliliona Bungoma, kijana mmoja alipojitetea. Alituambia: "Sheikh, si ni sharti? Na sharti likikosekana, jambo halipo. Ndivyo tulivyofundishwa katika fiqhi." Kijana alikuwa amesema kweli nusu, na nusu ile ndiyo iliyomponza.

Katika usuli fiqhi tunafundishwa vitu vitatu. Kuna sababu: ikiwepo, hukumu ipo. Mfano wake ni jua kupinduka, ambako huleta wajibu wa Adhuhuri. Kuna sharti: lisipokuwepo, jambo halisihi, lakini likiwepo halileti jambo lenyewe. Mfano wake ni udhu. Asiye na udhu hana swala, lakini mwenye udhu anaweza kukaa barazani akinywa kahawa mpaka ukatanguka, na swala asiswali. Na kuna kizuizi, mfano wake ni hedhi, ambayo ikiwepo swala haipo. Kila msichana aliyesoma fiqhi ya mwanzo anavijua vitatu hivi, na hana habari kwamba ameshika mkononi silaha ambayo wenziwe wa mijini hulipia masomo ya ziada ili waipate.

Tatizo ni jina. Kwa Kiswahili sentensi yoyote yenye "ikiwa", "kama", "endapo", au ile "-ki-" yetu katikati ya kitenzi, tunaiita ya masharti. Kwa hiyo mtoto huichukua ile sehemu inayofuata "ikiwa" akaipa hukumu ya sharti la fiqhi, kwamba ikikosekana, kila kitu kimekosekana. Imam Shihabuddin al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki wa Misri aliyefariki mwaka 684 Hijria, sawa na 1285 Miladia, aliliona jambo hili. Katika kitabu chake al-Furuq anatenganisha masharti ya kilugha na masharti ya kisheria, na anasema kwamba yale ya kilugha hukumu yake ni ya sababu. Neno lililo baada ya "ikiwa" huleta jambo likiwepo. Mtihani nao huongeza tahadhari moja: kwamba jambo hilo hilo linaweza kuletwa na sababu nyingine ambayo haikutajwa. Basi "ikiwa" ya mtihani ina nusu ya kwanza tu ya sababu, kuwepo kuleta kuwepo, na juu ya kukosekana haisemi kitu.

Sharti la fiqhi katika mtihani huja kwa maneno mengine kabisa. Huja kwa "lazima", "hapana budi", "tu", "isipokuwa", "mpaka", "ila". Mkulima wa Kitale analijua vizuri. Anapopeleka mahindi kwenye ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao, hayapokelewi isipokuwa unyevu wake usizidi asilimia 13.5. Ndiyo maana msimu wa mavuno kila kiambaza kina turubai lililoanikwa. Lakini je, kila mahindi makavu hupokelewa? La. Yanaweza kuwa makavu kama kokoto na yakarudishwa kwa kuwa yameoza au yameingiwa na fukusi. Ukavu ni sharti. Mwenye kuambiwa kwamba gunia fulani limepokelewa anajua kwamba ni kavu. Mwenye kuambiwa kwamba gunia ni kavu hajui kama limepokelewa. Tulipoliweka hivi, yule kijana wa Bungoma, ambaye babake ni mkulima, alicheka, akachukua karatasi yake na kusahihisha maswali manne bila msaada wetu.

Neno linalowatesa zaidi ni "unless" la Kiingereza, maana mitihani hii ni ya Kiingereza na vijana wetu hufikiri kwa Kiswahili. Tuchukue mfano kutoka katika Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 170, kinachozungumzia mahakama za kadhi. Maana yake kwa ufupi ni kwamba mtu hastahili kuteuliwa kuwa kadhi isipokuwa awe Muislamu, na awe na elimu ya sheria ya Kiislamu ya kumwezesha kuendesha mahakama hiyo. Njia ya kuifungua sentensi kama hii ni moja: linalofuata "isipokuwa" ndilo sharti. Andika hivi: "Ikiwa ni kadhi, basi ni Muislamu na ana elimu hiyo." Ukishaiandika hivyo, pinde zote zinanyooka. Asiye na elimu hiyo hastahili. Lakini mwenye elimu hiyo si lazima awe kadhi. Wanavyuoni wangapi wamejaa elimu na wanauza viungo sokoni?

"Only if" nalo ni hilo hilo. Lifuatalo "only if" ni sharti, wala si sababu, na hapo ndipo "if" iliyojificha ndani yake humpotosha msomaji mwenye haraka. Kiswahili chetu kina bahati hapa, maana "tu" huja mwishoni na kulipiga msumari neno linalohusika. Mwanafunzi akigeuza sentensi kwa Kiswahili safi kabla ya kujibu, nusu ya mitego hufyatuka mbali naye.

Kifungu hicho hicho cha 170 kina funzo la "na" na "au", na hili linagusa nyumba zetu moja kwa moja. Mahakama ya kadhi ina mamlaka katika mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Na wahusika wote wawe Waislamu. Na wote wakubali mamlaka ya mahakama hiyo. Katika familia za Bungoma na Kitale mara nyingi ndugu wa baba mmoja wana dini mbili, na mirathi ikifunguliwa, hapo ndipo watu hushangaa. Tuseme mtu amekuja akatuambia: kadhi amesema shauri letu hana mamlaka nalo. Tunajua nini? Majirani watasema, kumbe yule ndugu alikwisha kuritadi! Haramu kusema hivyo kwa dalili hiyo. Tunachojua ni kwamba walau jambo moja limekosekana. Huenda wote ni Waislamu ila mmoja hakukubali mamlaka ya kadhi; huenda ni shauri la mkopo ambalo halimo katika mambo yale manne. Ukivunja kamba iliyosokotwa kwa "na", vipande vinavyopatikana vimeungwa kwa "au". Kanuni hii ndogo huulizwa katika kila mtihani wa aina hii, na mtu anaweza kumvunjia mwenzake heshima kwa kutoijua.

Hata mlango wa Shule ya Sheria ya Kenya, ambako wenye shahada huenda kabla ya kuwa mawakili, umezua mashauri mahakamani kwa ajili ya "au" moja. Sheria ya mwaka 2012 inasema mtu hastahili kuingia isipokuwa ametimiza masharti yaliyo katika jedwali lake, na jedwali hilo lina aya mbili zilizotenganishwa kwa "au". Waombaji na shule wamebishana mbele ya majaji kama masharti ya aya ya pili yanamhusu pia aliyepitia aya ya kwanza. Wazazi wanaodhani kwamba mazoezi haya ni mchezo wa karatasi na wajue kwamba wako vijana ambao miaka ya maisha yao imening'inia kwenye herufi mbili.

Tumebakiwa na neno moja la usuli ambalo hatuwezi kulipita, hasa kwa kuwa pwani yetu na wengi wa Waislamu wa bara hufuata madhehebu ya Imam Shafii. Sisi tunafundishwa mafhumu ya kinyume: kwamba Mwenyezi Mungu anapoifunga hukumu kwa sharti, kukosekana kwa sharti hilo kunatoa hukumu ya kinyume. Mfano mashuhuri ni aya ya 6 ya Suratut-Talaaq, inayoamrisha wanawake waliotalikiwa wapewe matumizi ikiwa ni wajawazito. Mashafii wameelewa kutokana nayo kwamba aliyeachwa talaka isiyo na rejea, akiwa si mjamzito, hana nafaka katika eda yake, ingawa ana haki ya makazi. Mahanafi hawaikubali njia hii ya kuelewa. Kwao aya imenyamaza kuhusu asiye mjamzito, na hukumu yake itafutwe kwingine, na wanampa nafaka. Ni ikhtilafu ya wakubwa, na kila upande una hoja zake.

Lakini mtoto aliyelelewa katika usuli wetu hubeba mazoea haya mpaka chumba cha mtihani, na mtunga mtihani hayatambui. Yeye "ikiwa" ikisema jambo juu ya mjamzito, asiye mjamzito hajatajwa, basi. Tuliwaambia vijana wa Kitale kwa mzaha kwamba kwa dakika thelathini na tano kila mmoja wao awe Hanafi, na akitoka nje arudi kwa Imam wake. Walilishika hilo kuliko maelezo yetu yote mengine.

Na akina mama wasidhani kwamba haya ni ya wenye kwenda Kanada peke yao. Wako wanaotujia barazani na machozi kwa sababu ya "-ki-". Mume alisema siku moja, "Siku nikikuacha, nitakupeleka kwenu mimi mwenyewe." Ikapita miaka miwili, mama mkwe akaugua, mume akamchukua mkewe akampeleka kwao amwuguze mamake. Majirani wakaanza: umepelekwa kwenu, umeachika huyo! Mwanamke akakaa wiki tatu hajui kama yumo ndoani au yumo edani. Hiyo ni njia yetu ya tatu, kuiona tali ukadai mukadam. Mwingine aliambiwa, "Ukienda harusini kwa fulani bila kuniaga, nimekuacha." Harusini hakwenda, lakini alikwenda kwa dada yake bila kuaga, na shoga yake akamwambia ni yale yale. Si yale yale. Talaka iliyotundikwa juu ya jambo hutazamwa jambo hilo lenyewe, kwa matamshi yake. Hata hivyo hatutoi fatwa ya tukio la mtu gazetini. Nia na matamshi hupelelezwa, na pahala pake ni kwa kadhi. Tunasema tu kwamba mwanamke anayejua kuzihesabu njia nne hatalala wiki tatu bila usingizi kwa maneno ya majirani.

Turudi kwenye mazoezi, na kwa nini tunasema yanafundishika. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, alitunga jaribio la kadi nne. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni: ikiwa upande mmoja kuna irabu, upande wa pili kuna namba shufwa. Mezani zinaonekana A, K, 4 na 7. Ni kadi zipi lazima uzigeuze ili ujue kama kanuni imevunjwa? Katika majaribio ya aina hiyo, waliopatia hawakufika mmoja kati ya kumi, na hao walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu. Jawabu ni A na 7. Wengi huchagua A na 4, na kadi ya 4 haivunji kitu hata nyuma yake pakiwa na herufi yoyote.

Kisha mwaka 1982 watafiti wawili wa Marekani, Griggs na Cox, waliuliza swali lile lile kwa sura ya sheria ya umri wa kunywa pombe, na karibu robo tatu ya waliojaribiwa walipatia. Umbo la swali halikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba sasa walikuwa wakimtafuta mvunja sheria, na kazi hiyo binadamu anaijua.

Sisi tulilivika kanzu. Tuliwaambia watoto wa madrasa ya Bungoma, wa miaka kumi na kumi na moja: kanuni ni kwamba anayeshika msahafu awe na udhu. Wako wanne mlangoni. Wa kwanza ameshika msahafu. Wa pili mikono mitupu. Wa tatu tumemwona akitawadha sasa hivi. Wa nne tunajua hana udhu, lakini mkoba wake umefungwa. Tuwaulize nani? Darasa zima likapiga kelele: wa kwanza na wa nne! Hakuna hata mmoja aliyemtaja wa tatu. Wale ni watoto wa madrasa, na wakubwa zao wenye shahada walikuwa wamekosa kadi asubuhi ile ile.

Dawa, basi, ni kujizoeza kuigeuza kauli kavu kuwa sheria ya nyumbani, kisha polepole kuiacha nyumba na kubaki na umbo. Binti yetu wa Kitale tumempa utaratibu huu. Mwezi wa kwanza asitumie saa kabisa. Kila akutanapo na kauli ya sharti aiandike kwa mshale, kitangulizi kushoto na kifuasi kulia, na chini yake aandike kile ambacho wanamantiki huita aksu naqidh: pande zigeuzwe na zote mbili zikanushwe. Kiwanda, basi harufu. Hakuna harufu, basi hakuna kiwanda. Asiendelee mbele kabla ya kuandika yote mawili, hata kama jibu analiona. Awe na daftari la makosa, na mbele ya kila kosa aandike ni njia ya tatu au ya nne, au amechukua sharti akalifanya sababu. Baada ya wiki mbili daftari litamwonyesha mwenyewe ugonjwa wake uko wapi, na hatahitaji sheikh wala mwalimu.

Mwezi wa pili aanze kuunganisha mishale, na mwezi wa tatu ndipo arudishe saa. Mitihani ya mazoezi asinunue kabla ya kumaliza ya bure. Baraza linalotunga LSAT huweka baadhi yake kwenye tovuti yake iitwayo LawHub, na kinachohitajika ni kujiandikisha.

Mama naye ana kazi. Jioni wali ukiwa jikoni, amwambie binti yake amweleze kwa Kiswahili, bila kitabu, kwa nini jibu fulani ni kosa. Mama hahitaji kujua Kiingereza cha mtihani. Akisikia "kwa sababu haikusemwa hivyo", na aulize, "Ilisemwaje?" Tulimwona mama wa Bungoma akifanya hivi huku anachambua mchicha, na mwanawe alitoa jasho kuliko alivyotoa mbele yetu.

Kwa ami wa Kitale tumeandika barua ya pembeni, ndefu kidogo. Tumemwomba asitoe ada wala asiinyime mpaka mwisho wa mwezi wa tatu, kisha alifungue daftari lile na kulisoma mwenyewe, tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Kwa wasomaji wetu, zoezi la juma hili ni hili. Hakuna anayepewa msaada wa ada isipokuwa aliyepasi mtihani wa mwisho. Kila aliyepasi mtihani wa mwisho alihudhuria darasa la Jumamosi. Binti wa kwanza alihudhuria darasa la Jumamosi. Wa pili hakuhudhuria. Wa tatu hakupewa msaada wa ada. Ni yupi kati yao ambaye tunaweza kusema jambo jipya la yakini juu yake, na jambo hilo ni lipi? Jawabu liandikwe kwa Kiswahili, pamoja na mishale yake, na litufikie kabla ya Alhamisi. Tutalichapisha toleo lijalo, insha Allah.